Kuachia jimbo: chama kidogo cha Uingereza kinachopinga EU (Umoja wa Ulaya) kinachezaje uchaguzi mkuu

Kuachia jimbo maana yake ni chama kuamua kwa makusudi kisisimamishe mgombea ubunge sehemu fulani, ili kura zake ziende kwa mtu wa chama kingine ambaye wanaelewana kwenye lile jambo kubwa. Watanzania tunaijua, UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, 2015 si walikuwa na habari ya kuachiana majimbo? Ila ile ilikuwa makubaliano, Uingereza mara nyingi anaachia mmoja tu, mwenzake hatoi kitu.

Sasa kwanini uanzishe chama halafu uyakimbie majimbo? Ni hesabu. Bunge lao lina viti 650, kila jimbo anachukua mwenye kura nyingi hata kama hajafika nusu, wengine wote kapa, yaani kama wabunge wetu wa majimbo tu. Chama ambacho kura zake zimetapakaa nchi nzima kinaumia vibaya sana. UKIP, chama kilichotaka Uingereza itoke EU, 2015 walipata kura karibu milioni 3.9, asilimia 12.6, wakaambulia kiti kimoja, Clacton, na huyo Douglas Carswell mwenyewe alikuwa mbunge wa Conservative (moja ya vyama viwili vikubwa, kingine ni Labour) aliyehamia kwao. SNP, chama cha Scotland, kwa kura milioni 1.45 wakabeba viti 56 sababu kura zao zote ziko Scotland. Na mwaka mmoja kabla, 2014, UKIP haohao walishika namba moja kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya, kule viti vinagawanywa kwa uwiano wa kura.

Kujaza wagombea kila kona kulishajaribiwa. Referendum Party ya tajiri James Goldsmith, nayo ya kutaka kura ya maoni kuhusu EU, 1997 ilisimamisha watu zaidi ya 540, ikapata kura laki nane na kitu, viti sifuri, na ukumbuke kila mgombea anaweka dhamana ya pauni 500, asipofika asilimia 5 hela imeliwa.

Kwahiyo silaha ya chama cha hivi ni kumharibia mkubwa, kushinda ni bahati. Kura zake nyingi zinatoka upande wa Conservative, akisimama anaweza kumpa Labour jimbo bila kutaka. Mfano mzuri ni Hartlepool 2019, Labour walishinda na chini ya asilimia 38, Conservative wana karibu 29, Brexit Party, chama cha Nigel Farage cha kuitoa Uingereza EU, wana karibu 26. Jumlisha mwenyewe hizo mbili za mwisho. Ndo maana Cameron, waziri mkuu wa Conservative, aliahidi kura ya maoni ya kubaki au kutoka EU mwezi wa kwanza 2013, wakati UKIP hawajawahi kushinda hata kiti kimoja cha ubunge pale Westminster, alikuwa anaogopa kile wanachoweza kumpotezea.

Tatizo ukishaachia, tishio limeisha. 2010 kiongozi wa UKIP, Lord Pearson, alienda kuwapigia kampeni Conservative wachache wanaopinga EU kwenye majimbo ambayo chama chake chenyewe kilikuwa na wagombea, hebu fikiria wale wagombea walijisikiaje. Halafu 2019 Farage alianza kwa mkwara, waziri mkuu Boris Johnson wa Conservative atupe dili lake la Brexit (kutoka EU) la sivyo tunasimama kila jimbo, Johnson akagoma, na tarehe 11 Novemba Farage akaachia majimbo yote 317 waliyoshinda Conservative 2017, bure kabisa. Brexit Party wakaishia asilimia 2 na hakuna kiti. Lakini Uingereza ikatoka EU tarehe 31 Januari 2020, sasa kama lengo lilikuwa kutoka, mimi siwezi kusema alishindwa, kama lengo lilikuwa kujenga chama basi alikiua mwenyewe.

2024 Farage akiwa na chama cha Reform hakuachia. Asilimia 14 na viti 5 tu, ila Conservative walishuka mpaka viti 121, na safari hii wao ndo walioanza kuulizana kama waongee naye.