Mavuno ya Arles: yasemwayo kuhusu Van Gogh na jua la Provence

Dhana: Van Gogh, mchoraji Mholanzi aliyeishi Arles, katika eneo la Provence kusini mwa Ufaransa, alipaka rangi kwa pupa tu, joto likimpanda kichwani.
Kasi ilikuwepo, ila hesabu ilitangulia. Mwezi Juni 1888, uwanda wa La Crau, karibu na Arles, aliuchora pia kwa kalamu na rangi za maji, siyo tu kwenye turubai ya mafuta ya sm 73 kwa 92. Alimwandikia mdogo wake Theo kwamba picha zinazokamilika upesi zimepigiwa hesabu mapema. Isitoshe, mistral, upepo mkali wa kaskazini huko Provence, hauruhusu papara: alichomeka miguu ya stendi ya turubai ardhini, akapigilia vigingi vya chuma vya sm 50 kando yake, kisha akafunga vyote kwa kamba.

Dhana: picha zake zote za mashamba zilichorwa shambani.
Baadhi, ndiyo. Katika picha moja ya mizeituni ya 1889 amekutwa panzi aliyenasa kwenye rangi. Lakini shamba jekundu la mizabibu, lenye wanawake wanaochuma zabibu, alilichora Novemba 1888 kwa kumbukumbu, baada ya kuliona akitembea na mchoraji mwenzake Gauguin. Nao wavunaji waliolala adhuhuri katika picha yake nyingine wametoka kwenye nakala isiyo na rangi ya kazi ya Millet, mchoraji Mfaransa. Buluu na njano zote kaziweka yeye.

Dhana: jua kali huzaa kivuli cheusi.
Hapa ndipo wachoraji wengi wa leo huharibu. Kivuli cha mahali pa wazi kimekosa jua, hakijakosa anga: buluu yote ya juu hukimwagikia, na ardhi kavu hukirudishia umanjano kidogo. Changanya buluu iliyokolea, nyeupe na nyekundu kidogo sana. Nyeusi ya tyubu huua mwanga.

Kosa la pili ni turubai kukaa juani. Kila rangi huonekana angavu mno, unazidisha giza bila kujua, na ukiingia ndani picha inaonekana ina giza mno. Turubai na kibao cha rangi vikae kwenye kivuli kimoja, chini ya mwavuli mweupe au wa kijivu. Mwekundu utapotosha kila mchanganyiko. Van Gogh alifanya kazi saa sita mchana bila kivuli chochote, akifurahi kama nyenje. Katika hilo usimwige.

Dhana: njano tunayoiona ndiyo aliyoipaka.
Njano ya kromi, mojawapo ya rangi alizotumia, huelekea kahawia ikipigwa na mwanga, hasa aina ya njano iliyopauka yenye salfati (chumvi ya asidi ya salfa) nyingi. Alijua rangi zake hazidumu, akaona ndiyo sababu ya kuzipaka kali zaidi.