Ukiandika "Kigaeli" Kwenye Fomu, Unakusudia Lugha Ipi?

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la tafsiri yameongezeka, na mengi yanaanzia kwenye neno moja: "Kigaeli". Mteja huliandika akiamini limetosha, wala hatudhani anakosea makusudi. Lakini halitoshi. Lugha za Kigaeli ni tatu: Gaeilge ya Ayalandi, Gàidhlig ya Uskoti na Gaelg ya Kisiwa cha Man.

Majina hayo yanafanana kwa kuwa shina ni moja: Goídelc, neno la Kiayalandi cha kale, yaani lugha ya Goídel. Na jina hilo la Goídel, Waayalandi wa kale hawakujipa wenyewe. Wataalamu wengi wanaliona limetoka kwa majirani zao wa Wales, kwenye neno linalohusiana na pori, likiwa na maana ya mtu wa mwituni. Sisi tunalielewa jambo hili, maana Kiswahili nacho kilipata jina kutokana na neno la Kiarabu la pwani, sawahil.

Tumeshaeleza mara nyingi, na tunaeleza tena: Kiayalandi si Kiingereza chenye lafudhi ya Dublin. Ni lugha kamili, tena ya kwanza rasmi kwa Katiba ya Ayalandi ya 1937, na ni rasmi katika Umoja wa Ulaya tangu 2007. Wala usiandike "Kiskoti" ukikusudia Gàidhlig. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, ingawa zamani Scotti, kwa Kilatini, walikuwa watu wa Ayalandi.

Kabla ya kujaza fomu, tazama alama zilizo juu ya irabu. Juzi kililetwa cheti cha kuzaliwa kikiitwa cha Uskoti. Juu kabisa kimeandikwa Teastas Breithe, na kwenye jina la mtoto ipo á, alama imeinamia kulia. Hicho ni Kiayalandi. Kwa maandishi ya sasa, Gàidhlig huinamisha alama kushoto: à, ò.

Kisha jaza msimbo wa lugha: ga kwa Gaeilge, gd kwa Gàidhlig, gv kwa Gaelg. Ukiacha wazi, maombi hayaingii kwenye foleni. Ukikosea na kazi imeshaanza, tafsiri husitishwa, nyaraka hurudishwa na ada hulipwa upya, kwa kuwa mfasiri wa kwanza ameshalipwa. Barua ya kuomba kusamehewa haibadilishi hilo, na hatuwezi kubahatisha lugha kwa niaba ya mteja. Asiye na uhakika alete nakala dirishani kabla ya kulipa. Kuangaliwa ni bure.