“Nyamazeni, Mtamponza”: Dhana Potofu Kuhusu Wakenya Waliokwama Vitani

Vita vikizuka popote Wakenya wanapofanya kazi, familia hufika ofisini kwangu hapa mtaa wa Tom Mboya, Nairobi, zikiwa zimeshafungwa midomo. Mama anaketi, anatoa nakala ya pasipoti ya mwanawe mkobani, kisha ananiambia kwa sauti ya chini: “Lakini wakili, tumeambiwa tusiseme popote.” Nikiuliza ni nani aliyewaambia, jibu huwa ni lile lile. Ajenti. Au mtu wa kundi la WhatsApp ambaye hakuna anayemjua kwa sura. Au sauti ya simuni iliyojitambulisha kuwa ya serikali. Nimechoka kulisikia neno hili, na kwa kuwa limechelewesha msaada kwa watu wengi, nitaanza nalo na kukaa nalo.

Dhana: “Mkiikosoa serikali hadharani kuhusu vita, jina la mtu wenu litafutwa kwenye orodha ya kurudishwa nyumbani.”

Si kweli. Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kuingia Kenya na kuishi popote humu, na Ibara ya 12 inampa haki ya pasipoti na hati nyingine ambazo serikali huwatolea raia wake. Hakuna palipoandikwa kwamba haki hizo hukoma dada yake akiandika Facebook kuwa serikali imelala. Afisa anayetishia kufuta jina kwa sababu hiyo anavunja Katiba. Tishio likija kwa ujumbe wa simu, uhifadhini ujumbe huo, ni ushahidi.

Orodha yenyewe ni jambo la makaratasi. Ubalozi hukusanya majina, nambari za pasipoti na mahali kila mtu alipo, kisha huipelekea serikali ya nchi ile ili watu waruhusiwe kutoka, na hutafuta basi, meli au ndege. Sudan ilipolipuka Aprili 15, 2023, uwanja wa ndege wa Khartoum ulifungwa papo hapo. Ilibidi watu watoke kwa barabara, wengine kupitia Gedaref hadi mpaka wa Ethiopia, wengine hadi Port Sudan na kuvuka Bahari ya Shamu kwenda Jeddah. Safari ya namna hiyo huamuliwa na mambo matatu: nani amejiandikisha, nani ana hati mkononi, na nani anaweza kufika kituoni akiwa hai. Maoni ya shemeji yake kuhusu sera ya nje hayamo.

Siasa ndiyo inayowatisha watu zaidi, nami naelewa kwa nini. Baada ya shambulizi la Hamas la Oktoba 7, 2023, Rais William Ruto alitangaza waziwazi kwamba Kenya inasimama na Israel. Kabla ya mwaka huo kwisha, serikali ikatangaza mpango wa kupeleka vibarua Wakenya kwenye mashamba ya huko huko. Basi nyumba moja ikajikuta na kijana anayeandika kila siku kuhusu watoto wa Gaza, na kaka yake yuko shambani Israel akichuma mboga. Shangazi anaamuru wote wakae kimya. Lakini ikiwa Rais alikuwa na msimamo wake na akautoa hadharani, mwananchi wa Kawangware naye ana wake, na Ibara ya 33 inaulinda hata ukipingana na wa Rais.

Nikiulizwa kama ni salama kusema, mimi nami huuliza: nani anasema, akiwa wapi, na anasema nini? Watu huyachanganya haya matatu na kuyafanya hofu moja.

Aliye Nairobi anayeidai serikali majibu yuko ndani ya haki yake. Anaweza kuandika, kuandamana kwa amani bila silaha chini ya Ibara ya 37, na kuwasilisha ombi Bungeni chini ya Ibara ya 119. Mipaka ipo na inajulikana: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inagusa hata chuki dhidi ya watu kwa sababu ya uraia wao au asili ya taifa lao. Kulaani mashambulizi ya jeshi fulani ni maoni. Kuandika kwamba watu wa taifa fulani wapigwe popote waonekanapo, hata hapa Eastleigh au Westlands, ni kosa, na sitakutetea kwa furaha.

Aliyekwama kule ana hali nyingine kabisa. Ibara ya 33 haikupanda naye ndege. Urusi, tangu Machi 2022, inaweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa kile inachokiita habari za uongo kuhusu jeshi lake. Ukraine nayo, mwezi huo huo, ilifanya kuwa kosa kuchapisha mahali vikosi vyake vilipo. Israel ina ofisi ya kijeshi inayokagua habari za usalama. Nchi za Ghuba zina sheria kali za mitandao. Kwa hiyo kijana akisimama dirishani akirekodi kombora likipasuka angani ili aweke TikTok, amejitafutia kesi katika nchi ambayo tayari inamshuku kila mgeni mwenye simu. Huyu ndiye wa kuambiwa anyamaze. Afute video, asibishane na mtu mtandaoni, na maoni yake ya kisiasa ayaweke hadi afike JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi.

Kisha kuna anayesema mambo sahihi kwa namna ya hatari, na hapa familia ndizo hukosea. Kijana aliyemtoroka mwajiri anatuma sauti usiku akieleza amejificha wapi na nani anampa chakula. Asubuhi binamu ameiweka mtandaoni nzima nzima, pamoja na picha ya pasipoti. Aliyemficha sasa naye yuko hatarini. Semeni jambo, semeni nchi, semeni tarehe mliyoomba msaada na msipojibiwa semeni hivyo. Jina kamili, sura, mtaa na nambari ya pasipoti vibaki kwenye barua ya ubalozi na faili ya wakili.

Sasa niseme ninachokiona kila mara. Ushauri wa kunyamaza ukiufuatilia ulikotoka, mara nyingi unaishia kwa mtu aliyelipwa kumsafirisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng’ambo uthibitishwe na afisa wa leba, na ni kosa kumshawishi mtu aende kufanya kazi nje chini ya mkataba usiofuata utaratibu huo. Ajenti aliyempeleka binti yako kwa viza ya utalii ana sababu nzuri ya kutaka mkae kimya, na sababu hiyo haihusiani na usalama wa binti yako.

Je, kuna wakati wa kunyamaza? Upo. Mateka anapojadiliwa, au aliyekwama mwenyewe akiomba, kimya cha siku chache kina maana. Lakini muulizeni anayekiomba: hadi lini, na nini kitakuwa kimefanyika kufikia siku hiyo? Asiyeweza kujibu hana mpango. Wanaharakati wawili Wakenya, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walikamatwa Uganda Oktoba 1, 2025, na vyombo vya usalama vya huko vikakana kuwa nao. Wenzao hapa Nairobi hawakunyamaza. Waliachiliwa Novemba 8, na Rais Museveni akakiri kwamba walikuwa wamezuiliwa. Mazungumzo ya kidiplomasia yalikuwa na kazi yake, sikatai. Ila aliyeshikiliwa akatajwa kila siku ni vigumu kumpoteza kimyakimya.

Kitu ninachowashauri wote, na ambacho karibu hakuna anayekifanya hadi nimwambie mara tatu, ni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kwa kawaida ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ina saa 48. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo msipoteze pesa kutafuta mtu wa kuwaandikia kizungu cha mahakamani. Andikeni: fulani, mwenye pasipoti hii, alikuwa mji huu mara ya mwisho tarehe hii. Je, ameandikishwa? Ni nani anayeshughulikia suala lake? Ni hatua gani imechukuliwa? Tajeni wazi kwamba uhai wake uko hatarini. Pelekeni nakala mbili makao makuu ya Wizara ya Mambo ya Nje, jengo la Old Treasury, Harambee Avenue, na msiondoke bila muhuri na tarehe kwenye nakala yenu. Saa 48 zikipita, nendeni na nakala hiyo kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Simu ishirini kwa ofisi za serikali hazina uzito wa karatasi moja yenye muhuri.

Dhana: “Akikimbilia ubalozini amefika Kenya.”

Hapana. Mkataba wa Vienna wa 1961 unawazuia polisi wa nchi mwenyeji kuingia ubalozini bila idhini, lakini ardhi ni ya nchi mwenyeji na lango linafunguka kwenye barabara yao. Tena si kila nchi ina ubalozi wetu. Wakenya wa Lebanon wamekuwa wakihudumiwa na ubalozi ulio Kuwait, na Beirut kulikuwa na konseli wa heshima tu, mwakilishi asiye balozi. Januari 2022 wafanyakazi wa nyumbani walilala nje ya ofisi hiyo wakidai warudishwe. Kabla mtu hajasafiri kazini, familia ijue ubalozi unaohusika uko mji gani. Ni swali la dakika tano.

Dhana: “Balozi atamtoa jela.”

Balozi hana ufunguo. Mkataba wa Vienna wa 1963, Ibara ya 36, unampa mfungwa haki ya ubalozi wake kujulishwa bila kuchelewa akiomba, na unawapa maafisa wa ubalozi haki ya kumtembelea na kumpangia wakili. Neno ni akiomba. Wakenya wengi hawaombi kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Mfundisheni sentensi moja kabla hajaondoka: “Nataka ubalozi wa Kenya ujulishwe.” Aikariri na kwa lugha ya nchi anayokwenda.

Dhana: “Walioenda jeshi la Urusi ni mamluki, wamejitakia, hawana haki yoyote.”

Hili husemwa redioni na watu wenye vyeo, na linanikera. Septemba 2025 wapelelezi waliwaokoa watu 22 Athi River wakisubiri kusafirishwa Urusi. Novemba, Waziri Musalia Mudavadi akasema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na vita vya Urusi na Ukraine. Wengi waliahidiwa kazi za udereva, upishi au ulinzi. Kisheria, Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inamwita mtu mamluki akitimiza masharti yote yaliyotajwa, na mojawapo ni kwamba asiwe mwanajeshi wa upande unaopigana. Aliyesajiliwa rasmi katika jeshi la Urusi hatimizi sharti hilo. Akitekwa ni mfungwa wa vita, chini ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, na familia iwasiliane na Msalaba Mwekundu kufuatilia jina lake. Ndiyo, Kanuni za Adhabu za Kenya zina kifungu kuhusu kujiunga na jeshi la kigeni bila ruhusa, na anaweza kuulizwa maswali akirudi. Aulizwe akiwa hapa. Uraia wake haukufa.

Dhana: “Serikali lazima ilipe tiketi, na isipolipa bima italipa.”

Haki ya kuingia nchini mwako si haki ya tiketi ya bure. Serikali imewahi kugharamia, na ni halali kabisa kuidai kisiasa, lakini msikae mkisubiri. Bima nyingi za safari huondoa vita kwenye malipo yake, soma ukurasa wa masharti ambao hakuna anayeusoma. Kama tatizo ni anga kufungwa tu, kama Qatar Juni 23, 2025 Iran ilipoishambulia Al Udeid, kambi ya jeshi la Marekani, anza na shirika la ndege. Ubalozi hauna viti vya ndege.

Dhana: “Vita vya wengine havituhusu, tuache wakubwa wajadili.”

Ulizeni familia za polisi waliopelekwa Haiti. Mahakama Kuu, Jaji Chacha Mwita, iliamua Januari 26, 2024 kwamba kuwapeleka kulikuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikatafuta makubaliano na Haiti, na kundi la kwanza likatua Port-au-Prince Juni 25. Februari 2025 tukampoteza afisa wa kwanza huko. Kesi ile ilianzishwa na raia waliokataa kuwaachia wakubwa.

Dhana: “Akishatua JKIA, mambo yamekwisha.”

Hapo ndipo kesi ya ajenti inapoanza, na ndipo wengi huniletea mikono mitupu kwa sababu walitupa kila kitu kwa uchungu. Msitupe. Mkataba hata wa Kiarabu, rekodi za M-Pesa za ada mlizolipa, jina la aliyempokea uwanja wa ndege, ujumbe wote wa WhatsApp bila kufuta hata ule wa matusi. Njooni navyo ndani ya wiki ya kwanza, kabla ajenti hajabadilisha ofisi.