Je, wajua mkono usioshika mkuki una kazi gani?

Swali hili lilianzia kwenye kiwanja cha shule moja nje kidogo ya Dodoma mjini. Kijana aliyekatwa mkono wa kushoto juu ya kiwiko alikuwa akijifunza kurusha mkuki, nasi tuliosimama pembeni tukaanza kuulizana: mbona huyu anashindanishwa na wenye ulemavu? Mkono anaorushia si huo hapo, mzima kabisa? Mimi nilikuwa upande wa walioona hivyo. Niliamini mkuki ni kazi ya mkono mmoja, na huo anao.

Nilikosea, na naona wengi wanakosea vilevile. Ukimtazama mrushaji, macho yako yanafuata mkono ulioshika mkuki, kwa hiyo unaupa sifa zote. Kumbe huo ni kituo cha mwisho tu. Nguvu inaanzia miguuni katika kukimbia, inapanda nyongani, kiunoni, kifuani, begani, kiwikoni, na kiganja kinaipokea ikiwa imeshakomaa. Mchukue mpakiaji wa magunia ya mahindi pale soko la Kibaigwa, mkalishe kwenye kiti, mpe mkuki. Misuli anayo, lakini hatamfikia mtu mwembamba anayejua kukimbia na kuzungusha kiuno.

Aliyewahi kuamia ndege kwenye shamba la uwele kule Bahi au Chamwino analijua jambo hili kupitia teo. Jiwe halirushwi na kidole kinachoachia kamba. Linarushwa na mzunguko wote uliotangulia. Kidole kinachagua wakati tu.

Sasa mkono wa kushoto unaingia wapi? Kwa anayerusha kwa kulia, hatua za mwisho anakwenda ubavu, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele. Mguu wa kushoto unakita chini, na papo hapo mkono ule unavutwa kwa nguvu hadi mbavuni. Upande wa kushoto unasimama, wa kulia unapita kwa kasi. Fikiria mlango: bawaba zikiwa imara, ukiusukuma ukingo wake unabamiza. Bawaba zikilegea, mlango mzima unayumba na msukumo wako unapotea njiani. Mkono wa kushoto, pamoja na ule mguu uliokita, ndio bawaba.

Isitoshe, mkono una uzito. Ni takribani asilimia 5 ya mwili, yaani kama kilo 4 kwa mtu wa kilo 80. Beba dumu la lita 4 upande mmoja ukimbie mita 30, uone kiuno kinavyohangaika kukunyoosha kila hatua. Au jaribu hili kwenye uwanja wa wazi: funga mkono wako wa kushoto kiunoni kwa mtandio, rusha jiwe, kisha ufungue urushe tena.

Mtu aliyelipa swali hili uzito mkubwa ni Devendra Jhajharia wa Rajasthan, India. Akiwa na miaka 8 alipanda mti akagusa waya wa umeme, na mkono wa kushoto ukakatwa. Mwaka 2004, huko Athens, akishindana katika kundi la F46, la warushaji wenye ulemavu wa mkono mmoja, alitwaa dhahabu ya Paralimpiki kwa mita 62.15, rekodi ya dunia. Baada ya hapo mkuki wa kundi lake haukuchezwa Beijing 2008 wala London 2012. Alisubiri miaka 12, na huko Rio, akiwa na miaka 35, akarusha mita 63.97, rekodi nyingine ya dunia. Tokyo mwaka 2021 alifika mita 64.35, mbali kuliko zote mbili, lakini akapata fedha kwa sababu Dinesh Priyantha Herath wa Sri Lanka alirusha mita 67.79.

Julius Yego wa Kenya, mwenye mikono yote miwili, alirusha mita 92.72 mwaka 2015 kwa mkuki wa gramu 800, uzito uleule wanaotumia wanaume wa F46. Pengo hilo lisihesabiwe lote kuwa deni la mkono uliokosekana. Warushaji wa F46 ni wachache mno ukilinganisha na wale wengine, na hata wao kwa wao hawalingani: mkono uliokatika karibu na bega si sawa na uliobakiwa na kiwiko, maana kila sentimita iliyobaki inaweza kuvutwa mbavuni.

Nilirudi kwenye kile kiwanja jioni moja, safari hii nikiutazama upande wa kushoto. Kijana alikuwa amefunga fundo mkono mtupu wa fulana yake. Alikimbia, akageuka ubavu, mguu ukakita kwenye vumbi jekundu, na lile fundo likarukia mbavuni kwa ghafla, kabla mkuki haujaondoka kiganjani.