Tope Linatuama, Chumvi Haituami: Kemia ya Ndoo ya Maji

Maji ya bwawa yaliyochafuka na maji ya kisima yenye chumvi yote huitwa mabaya, lakini kikemia ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza ni mchanganyiko wa chembe zinazoelea, ya pili ni myeyusho. Ili kujua unayo yapi, jaza glasi safi, ingia mahali penye giza na umulike ubavuni kwa tochi ya simu. Njia ya mwanga ikionekana ndani ya maji, zimo chembe. Isipoonekana, kilichomo, kama kipo, kimegawanyika hadi ioni (atomu zenye chaji ya umeme) au molekuli moja moja, na hakuna kitambaa kitakachokinasa.

Mchanga hutuama kwa dakika chache. Udongo wa mfinyanzi ni kazi nyingine: chembe zake ni ndogo mno na zina chaji hasi, hivyo husukumana badala ya kushikana. Ndoo inaweza kulala usiku kucha na asubuhi ikawa bado na rangi ya chai ya maziwa. Dawa yake ni shabu, chumvi ya alumini: ikiyeyuka hutoa ioni za alumini zenye chaji chanya, msukumano ule unakufa, kisha alumini inageuka utelezi mweupe unaozoa chembe na kuzama nazo.

Kiasi cha shabu hakikisiwi, maana maji ya masika si maji ya kiangazi. Yeyusha gramu 10 za shabu iliyosagwa katika lita 1 ya maji safi. Kila mililita ya myeyusho huo ina miligramu 10. Panga chupa nne zinazoonyesha ndani, kila moja na lita 1 ya maji machafu, kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano tia ml 2, 4, 6 na 8. Koroga kwa nguvu dakika moja, halafu polepole dakika kumi, uziache nusu saa. Chagua chupa yenye dozi ndogo kuliko zote zilizong'aa. Ikiwa ni ya ml 4, ndoo ya lita 20 itahitaji ml 80. Ukikoroga kwa nguvu muda wote, mabonge yanavunjika na hayazami. Ukizidisha shabu, chembe hupata chaji chanya na kuanza kusukumana upya, ndiyo maana kuongeza nyingine hakusaidii. Maji yenye asidi nyingi nayo hukataa kutengeneza mabonge.

Mimina maji ya juu kupitia kitambaa safi, ukiacha mashapo chini. Klorini inakuja baada ya hapo, si kabla: tope na mabaki ya majani huila kabla haijawafikia vijidudu. Dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye hipokloraiti ya sodiamu asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni, ina takriban miligramu 35 za klorini kwa mililita. Maji maangavu yanataka miligramu 2 kwa lita, yaani 40 kwa ndoo ya lita 20: ml 1 na kidogo. Yenye ukungu bado, mara mbili ya hapo. Koroga, funika, subiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ni dalili njema. Isipokuwepo kabisa, ama maji yameila yote ama dawa imezeeka, kwani joto na jua huivunja hata ndani ya chupa iliyofungwa. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi au amonia. Hutoa gesi ya sumu.

Sasa upande wa myeyusho. Shabu kwa vipimo hivi, klorini na kuchemsha havitoi chumvi wala floraidi, madini yaliyoyeyuka ambayo yakizidi huharibu meno. Kuchemsha huzidisha: lita 20 zenye floraidi miligramu 4 kwa lita zikipungua hadi lita 18, mvuke umeondoka peke yake na floraidi imefika 4.4. Ukoko mweupe unaobaki sufuriani unawadanganya wengi. Huo ni kalsiamu kabonati, kitu kimoja tu kati ya vilivyoyeyuka, ambacho joto limekitoa kwenye myeyusho.

Maeneo ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro yana visima vinavyovuka kiwango cha floraidi miligramu 1.5 kwa lita, na watoto wanaokunywa maji hayo hupata meno ya kahawia. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kituo cha utafiti kimetumia mkaa wa mifupa, ambao huinasa floraidi juu ya uso wake. Mifupa iliyoungua kidogo huyapa maji harufu na rangi. Iliyoungua hadi kuwa myeupe hupoteza uwezo mwingi. Mkaa mzuri ni wa kijivu cheusi. Nao hujaa, na ukijaa hauonyeshi dalili, maji yanatoka maangavu vilevile huku floraidi ikipita, kwa hiyo yapimwe maabara mara kwa mara.