Injini ya breki iliyopandisha chombo

Juzi tena. Video ya kapsuli ikirudi kutoka angani, na chini yake mtu kaandika kwa kujiamini kabisa: wanaelekeza pua chini, wanawasha injini, wanashuka. Mwenzake akamjazia: huko juu hakuna uvutano, ndiyo maana lazima wasukume. Jamani!

La uvutano nalimaliza haraka. Kwenye kimo cha kilomita 300, uvutano bado ni kama asilimia 91 ya huu unaokukalisha kitini. Chombo kinaanguka muda wote, ila kinakimbia ubavuni kilomita 7.7 kwa sekunde, na Dunia inajipinda chini yake. Basi.

Hilo la pua ndilo linaloniudhi, maana hata wahandisi wenzangu huliamini kimoyomoyo. Chukua obiti (njia ya kuizunguka Dunia) ya duara ya kilomita 300 na injini inayobadilisha kasi kwa mita 150 kwa sekunde. Sukuma moja kwa moja kuelekea chini: robo mzunguko baadaye utakuwa kwenye kilomita 170 hivi, halafu utapanda hadi karibu 430, utazunguka tena. Sasa sukuma kinyume na mwendo kwa injini ileile. Kila mita moja kwa sekunde unayopunguza hushusha upande wa pili wa obiti kwa kama kilomita 3.5. Piga hesabu: zaidi ya kilomita 500. Njia yako sasa inapita ndani ya ardhi, na hewa itakudaka kabla hujafika huko. Kushuka ni kupunguza mwendo, ndugu zangu, si kulenga.

Warusi walilionyesha bila kupenda. Tarehe 15 Mei 1960, karibu mwaka mmoja kabla ya Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, walirusha chombo cha majaribio, Korabl-Sputnik ya kwanza, tani 4.5, ndani yake sanamu la mtu. Ngao ya joto haikuwemo. Haikukusudiwa kapsuli ifike chini salama, walitaka kupima mifumo. Tarehe 19 ikaja zamu ya breki. Boris Chertok, mhandisi wa roketi aliyekuwepo, ameandika kwamba kihisi cha infraredi kilichotakiwa kuuona ukingo wa Dunia kilishaanza kutia shaka, na watu wa Raushenbakh, waliohusika na kukielekeza chombo, walitaka kutumia mfumo wa akiba unaolenga Jua. Wakubwa wakashikilia mpango.

Injini iliwaka vizuri tu. Chombo ndicho kilichokuwa kimegeukia siko.

Obiti ilikuwa kilomita 312 upande wa chini kwa 369 upande wa juu. Ikawa 307 kwa 690. Zitazame hizo namba. Upande wa chini haukutikisika, wa juu umepaa kilomita 320. Pua ingekuwa imeelekea ardhini, upande wa chini ungeshuka waziwazi. Hapa msukumo ulikwenda mbele, na sehemu yake iliyoongeza mwendo kweli ni kama mita 90 kwa sekunde. Vostok, chombo cha Gagarin, ilibeba akiba ya siku 10, kwa matumaini kwamba breki zikigoma hewa nyembamba itakishusha chombo. Kwenye obiti hii mpya angesubiri miaka.

Kipande cha Korabl-Sputnik hiyo, kilo 9 hivi, kilishuka tarehe 5 Septemba 1962, kikajichimbia kwenye lami katikati ya mtaa wa Manitowoc, Wisconsin.

Na hapa vitabu hujifanya vinajua kuliko tunavyojua. Kukadiria siku ya kuanguka tunahitaji kigezo cha kizuizi cha hewa, yaani namba ya jinsi hewa inavyokikaba chombo, na wengi wetu huandika 2.2, namba tuliyorithishana, hata kama chombo kinabiringika ovyo. Jua likichangamka, hewa ya juu inavimba na hesabu inaharibika. Nikipata jibu la siku 10, hujiwekea siku 2 huku na huku. Mtu akiniuliza kama kitaangukia Mombasa, namjibu: mahali fulani kati ya latitudo ya nyuzi 65 kaskazini na 65 kusini, maana njia ya chombo kama hiki haivuki hapo. Huwa ananiangalia kama sijasoma.