Utafiti wa Thamani ya Sanaa: Dhana Potofu Zinazoangusha Maandiko

Wiki iliyopita, katika kazi yangu ya kuwashauri wanaoandika maombi ya fedha, nililetewa andiko la kikundi cha ngoma kinachoomba fedha za utafiti, na katika mstari wa tatu wa ukurasa wa kwanza nikakutana tena na sentensi ambayo sasa naijua kwa moyo: "Utafiti huu utathibitisha kwamba ngoma huongeza ufaulu wa wanafunzi." Neno "utathibitisha" nililizungushia wino mwekundu, kama nilivyokwishafanya katika maandiko mengi kabla ya hilo.

Dhana iliyojificha humo ni kwamba mfadhili wa utafiti hutoa fedha ili sanaa isifiwe. Ukweli ni kwamba anagharamia swali ambalo jibu lake bado halijulikani. Mwenye jibu tayari mkononi anahitaji fedha za matangazo, na hizo huombwa kwingine. Kikundi hicho kilikusudia kuchukua wanafunzi 60 wa klabu yake na kulinganisha alama zao na za wenzao wasiocheza. Lakini wanaojiunga na klabu ni nani? Mara nyingi ni watoto wenye ari, ambao wazazi wao wanaweza kuwaruhusu wabaki shuleni hadi jioni, kwa hiyo tofauti ya alama ingeweza kuonekana hata kama ngoma isingepigwa siku moja.

Mfano ninaoupenda, na ambao wateja wangu wamechoka kuusikia, ni wa Houston, Texas. Shule 42 zilijitokeza kushiriki katika mpango wa elimu ya sanaa, na kwa kuwa nafasi hazikutosha, ikapigwa kura ya bahati nasibu, isiyojali nani ana ari zaidi: zilizopata zikaletewa wasanii na ziara za sanaa, zilizokosa zikawa kundi la ulinganisho. Katika ripoti yao ya mwaka 2019 iliyohusu wanafunzi zaidi ya 10,000, watafiti Daniel Bowen na Brian Kisida walionyesha kwamba makosa ya nidhamu yalipungua kwa pointi za asilimia 3.6, uandishi ukaimarika, na huruma kwa wengine ikaongezeka. Katika hisabati, kusoma na sayansi hapakuonekana badiliko la maana, na hilo nalo waliliandika bila kuona haya. Kama wangeahidi "ufaulu" tu, huenda nidhamu na huruma wasingezipima kabisa. Ndiyo maana humtaka kila mwombaji aandike, kwa mkono wake, ni matokeo gani yatakayomsikitisha. Asiyeweza kuyataja hana swali la utafiti.

Wapo pia wanaoninukulia kwamba muziki wa Mozart huwapa watoto wachanga akili. Utafiti wa mwaka 1993 uliozaa uvumi huo ulihusu wanafunzi 36 wa chuo, wala si watoto wachanga, na nafuu waliyoipata katika mafumbo ya maumbo haikudumu zaidi ya takriban dakika 15. Hilo halikumzuia gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, kuomba dola 105,000 mwaka 1998 ili kila mtoto anayezaliwa katika jimbo hilo apewe rekodi ya muziki huo.

Wengine huleta hesabu ya watu kama ushahidi, lakini idadi ya wahudhuriaji wa tamasha si athari ya tamasha. Inaeleza ni wangapi waliopita mlangoni, basi. Wanaodhani kwamba wafadhili huheshimu tarakimu pekee nao wanakosea: nchini Uingereza, baraza la utafiti wa sanaa na taaluma za utu lilifadhili kazi zipatazo 70 kuhusu thamani ya utamaduni, na ripoti yake ya mwaka 2016, iliyoandikwa na Geoffrey Crossick na Patrycja Kaszynska, iliyatetea masimulizi na uchunguzi wa karibu kuwa ushahidi halali, mradi ufanywe kwa nidhamu ileile. Hayo hayamaanishi kuokota nukuu tatu tamu kutoka kwa mashabiki wenu.

Kuhusu bajeti, ruzuku haibebi kila kitu. Mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani, kwa mfano, umekuwa ukidai kwamba kila dola yake katika ruzuku za utafiti ilingane na dola nyingine isiyotoka serikali kuu.

Nilipowaita wale wa ngoma, mwalimu wao alitaja, kama jambo dogo tu, kwamba muhula ujao wana nafasi 60 na majina 140 ya watoto walioomba kujiunga. Nimewaambia wapige kura ya bahati nasibu mbele ya wazazi, wapange kuwalinganisha watakaopata na watakaokosa, kisha waniletee andiko upya.